Saa Iliyo Ndani ya Nzi

Katika Matendo ya Mitume sura ya 20 yumo kijana ambaye sisi wahubiri na washarika tumemtendea vibaya kwa muda mrefu. Jina lake ni Eutiko. Alikuwa amekaa dirishani kule Troa, Paulo akaendelea kusema mpaka usiku wa manane, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Tangu tukiwa watoto wa shule ya Jumapili tumesikia mahubiri juu yake, na karibu yote yanamtumia kama onyo: huyu ndiye Mkristo anayesinzia, huyu ndiye asiyelijali Neno. Lakini ukiisoma habari yenyewe polepole utaona kwamba mwandishi wake, ambaye mapokeo ya kanisa yanamjua kuwa ni Luka tabibu, hamkemei kijana huyo hata kwa neno moja. Anataja saa, anataja taa nyingi zilizokuwa chumbani, anataja dirisha. Ni kama daktari anayeandika hali ya mgonjwa. Paulo naye hakemei. Anashuka, anamkumbatia, kisha anapanda tena kuumega mkate, na mazungumzo yanaendelea hadi kunakucha.

Tumeanza na Eutiko kwa sababu tunataka kusimulia historia ya watu waliojiuliza swali ambalo mahubiri yetu hayakuliuliza: usiku wa manane, ndani ya mwili wa mwanadamu, kuna nini hasa kinachotokea? Jibu lilichukua karibu miaka 300 kupatikana, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilitoka kwa nzi.

Historia hii huanza mwaka 1729, Ufaransa. Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alikuwa mtaalamu wa nyota, si wa mimea, lakini alikuwa na mmea wa jamii ya ule tunaouita kifauwongo. Watoto wa vijijini kwetu wanaujua: ukiugusa majani yanajikunja kama umekufa. Mmea huo pia hujikunja wenyewe jioni na kujikunjua asubuhi, na kila mtu alidhani ni jua linaloufanya hivyo. De Mairan akauweka mahali penye giza, mchana na usiku. Majani yakaendelea. Asubuhi yakafunguka, jioni yakafunga, bila kuona jua hata kidogo. Yeye mwenyewe hakuona kwamba jambo hilo linastahili kuandikiwa kitabu. Rafiki yake ndiye aliyelipeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris, katika taarifa fupi sana. Ndani ya taarifa hiyo kuna jambo linalotugusa: alifananisha mmea wake na wagonjwa walio kitandani, ambao hutambua mchana na usiku hata wasipoona nje.

Kwa miaka 200 iliyofuata wataalamu walibishana. Wengine walisema mmea unahisi kitu fulani kutoka nje, joto pengine, au jambo jingine lisiloonekana. Miaka ya 1930 Mjerumani Erwin Bünning alichukua maharage yaliyokuwa na mizunguko ya urefu tofauti, akayachanganya, akakuta kizazi kilichofuata kimepata mzunguko wa katikati. Kama kitu kinarithiwa kutoka kwa mzazi, basi hakitoki nje. Kimo ndani, na kimeandikwa mahali fulani.

Hapa turuhusiwe kutoka njiani kidogo. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kuanzia macheo. Jua likichomoza tunaanza moja, likifika utosini ni sita, likielekea kushuka ni tisa. Wageni wengi huona hesabu hii ni ya kuchanganya, na watoto wetu wenye saa za simu wameanza kuiona hivyo pia. Lakini ndiyo hesabu ya watu wa Agano Jipya. Injili inapotaja saa ya sita na saa ya tisa siku ile ya msalaba, msomaji wa Kiingereza huhitaji maelezo pembeni ya ukurasa. Bibi zetu hawakuhitaji. Walijua jua lilikuwa wapi. Na ilivyo, mwili wenyewe huhesabu kwa namna hiyo: saa yake ya ndani hurekebishwa kila siku na mwanga wa asubuhi, wala haijui lolote kuhusu kengele ya shule au king'ora cha kiwanda.

Turudi kwenye nzi. Mwaka 1967 Seymour Benzer alikuwa amehamia chuo cha Caltech huko California. Alisomea fizikia, akaiacha, akajipatia jina kubwa katika elimu ya jeni, kisha katikati ya umri wake akaamua kuanza upya. Inasimuliwa kwamba aliona jinsi binti zake wawili walivyotofautiana kwa tabia, akataka kujua tabia hutoka wapi. Akachagua nzi wa matunda, vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Asili ya nzi hawa ni Afrika, ingawa leo wako kila mahali palipo na tunda linalooza. Huzaliana kwa haraka, hula kidogo, na chupa moja ya maziwa hutosha kuwafuga mamia.

Katika maabara ya Benzer akaja mwanafunzi, Ronald Konopka. Nzi wa matunda anapomaliza kuwa buu hujifunga katika ganda, na anapotoka humo na mabawa yake hutoka karibu na alfajiri, wakati hewa bado ina unyevu na mabawa hayatakauka upesi. Konopka akajiuliza: je, wapo wanaotoka kwa saa isiyo yao? Akawalisha nzi kemikali inayoharibu jeni, akafuga watoto wao chupa kwa chupa, akakaa kusubiri wale wanaokosea saa. Wataalamu wengi walimwona anapoteza muda. Saa ya mwili, walisema, lazima iwe jambo kubwa linalotegemea jeni nyingi mno. Huwezi kuiharibu kwa kugusa jeni moja, kama vile huwezi kusimamisha soko zima kwa kumwondoa muuza nyanya mmoja.

Konopka aliwapata. Mwaka 1971 yeye na Benzer walichapisha habari za aina tatu za nzi waliobadilika. Aina ya kwanza siku yao ilikuwa na saa 19 tu. Ya pili, siku yao ilikuwa na saa 28. Ya tatu hawakuwa na siku kabisa. Walitoka katika ganda, wakatembea na kupumzika ovyo ovyo bila mpangilio wowote. Konopka alipotafuta mahali palipoharibika katika kromosomu za aina zote tatu, alikuta ni mahali pamoja. Jeni moja, ikiharibiwa kwa namna tatu, ilifupisha siku, ikairefusha, na ikaifuta. Wakaipa jina la kipindi, yaani period. Max Delbrück, mmoja wa wazee walioheshimiwa sana katika elimu hiyo na aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel miaka miwili tu kabla, alipoelezwa matokeo hayo alikataa kuyaamini.

Basi jeni ilijulikana ipo, lakini hakuna aliyeiona. Ilikuwa kama kujua kwamba katika mtaa fulani kuna nyumba yenye saa kubwa, bila kujua ni nyumba ipi wala saa yenyewe ikoje. Vyombo vya kuichomoa jeni kutoka katika DNA na kuisoma vilikuja baadaye, na vilipokuja makundi mawili yakaanza mbio. Kundi moja lilikuwa Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston: Jeffrey Hall, mtaalamu wa jeni za nzi, na Michael Rosbash, mwanabiolojia wa molekuli aliyekuwa akichunguza jinsi seli inavyosoma jeni zake. Walikuwa marafiki waliozoeana kwenye uwanja wa mpira wa kikapu kabla ya kufanya kazi pamoja. Kundi la pili lilikuwa New York, Chuo Kikuu cha Rockefeller, likiongozwa na Michael Young. Mashindano hayo hayakuwa ya upole. Mwaka 1984 makundi yote mawili yalifika, na yakaonyesha jambo la kustaajabisha: ukichukua kipande cha DNA chenye jeni hiyo ukakitia ndani ya nzi wasio na siku, wanarudiwa na siku yao.

Kuhusu Rosbash tunataka kuongeza jambo ambalo watu wa kanisa watalielewa. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbia Ujerumani mwaka 1938. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa ibada katika sinagogi, na alifariki Michael akiwa na miaka 10. Hatusemi haya ili tumfanye mwanasayansi huyu kuwa shahidi wa imani yetu; hajatuomba, na hatuna haki hiyo. Tunasema tu kwamba nyumba aliyolelewa iliijua vizuri siku inayoanza jua linapozama, kama inavyohesabiwa katika sura ya kwanza ya Mwanzo, jioni kwanza ndipo asubuhi.

Kuipata jeni hakukueleza kazi yake. Kwa miaka kadhaa watafiti walipotea. Waliisoma jeni, wakaona inatengeneza protini, wakaiita PER, lakini PER inafanya nini? Palikuwa na wazo kwamba inakaa kwenye kuta za seli na kusaidia seli kuzungumza. Wazo hilo liliandikwa katika majarida makubwa, likashikwa na watu wenye akili, na halikuwa kweli. Tunalitaja kwa sababu wakati mwingine katika majumba yetu ya ibada husemwa kwamba sayansi haibadilishi neno, au kinyume chake, kwamba kwa kuwa inabadilika basi ni uongo mtupu. Historia ya PER haifanani na picha zote mbili. Watu walikosea hadharani, wakarudi wakapima tena.

Kilichofungua mlango ni kupima kwa saa. Watafiti wa Brandeis waliona kwanza kwamba wingi wa protini ya PER katika vichwa vya nzi hupanda na kushuka katika siku. Kisha Paul Hardin, kijana aliyekuwa akifanya kazi na Hall na Rosbash, akakusanya nzi kila baada ya saa chache, mchana na usiku, akatoa vichwa vyao, akapima ujumbe ambao jeni hutuma kabla ya protini kutengenezwa. Ujumbe huo ni RNA. Jeni ni kama kitabu kisichotoka ofisini, na RNA ni nakala inayopelekwa kiwandani. Hardin akakuta nakala nazo zinapanda na kushuka. Zilikuwa nyingi mwanzoni mwa usiku, na protini ikawa nyingi saa kadhaa baadaye. Katika nzi wenye siku fupi, hata nakala zilikwenda kwa mzunguko mfupi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990, na pamoja nayo wazo ambalo leo ndilo msingi wa elimu hii yote: protini ya PER hurudi na kuifunga jeni iliyoizaa.

Tujaribu kuliweka jambo hili katika picha. Fikiria karakana ya kufyatua matofali. Asubuhi lango liko wazi na mafundi wanafyatua. Matofali yanaongezeka, yanapangwa, yanarundikana mpaka yanaziba lango lenyewe. Mafundi hawawezi kuingia, kazi inasimama. Lakini matofali haya ni ya udongo mbichi. Mvua inayalainisha, yanabomoka kidogo kidogo, na lango likiwa wazi tena mafundi wanaingia na kuanza upya. Kama kufyatua, kurundikana na kubomoka kukichukua muda uleule kila mara, basi ukikaa mbali ukasikiliza kelele za karakana, unaweza kujua saa. Ndivyo seli inavyofanya. Jeni inasomwa, protini inatengenezwa, protini inaizima jeni, protini inavunjwa, jeni inawaka tena. Mzunguko mmoja ni kama saa 24.

Ilibaki kueleza kwa nini jambo hilo linachukua siku nzima, kwa kuwa seli ikiachwa ingeweza kulimaliza kwa haraka zaidi. Kazi hiyo ilifanywa sana na kundi la Young. Mwaka 1994 walionyesha jeni ya pili, timeless, ambayo protini yake hushikana na PER na kuiwezesha kuingia katika kiini cha seli, mahali jeni zilipo. Mwaka 1998 wakaeleza ya tatu, doubletime, ambayo huitia PER alama za kuvunjwa, na hivyo huichelewesha kurundikana. Mwaka huohuo ikajulikana pia ni nani wanaolifungua lango: protini mbili nyingine, CLOCK na CYCLE. Na mwanga wa asubuhi huivunja ile protini ya timeless, ndiyo maana alfajiri huirudisha saa mahali pake kila siku. Kuchelewa, ambako katika mashine nyingi ni ubovu, hapa ndiko kunakoifanya saa iwe saa.

Wakati huo wengine walikuwa wakitafuta katika wanyama wanyonyeshao. Mwaka 1994 Joseph Takahashi na wenzake huko Marekani walipata panya aliyepoteza mpango wa siku, na mwaka 1997 wakaisoma jeni yake. Mwaka huo pia jeni za period zilipatikana kwa panya na kwa mwanadamu. Hapo mambo yakaacha kuwa habari za nzi. Kumbe ndani ya ubongo wetu, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna seli zipatazo 20,000 zinazofanya kazi hii hii ya matofali, na kwa mpigo wao zinauongoza mwili mzima. Ini lina saa yake. Ngozi ina saa yake. Uchunguzi wa panya uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 43 ya jeni zinazotengeneza protini hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku katika kiungo kimoja au kingine. Si usingizi tu, basi. Ni joto la mwili, shinikizo la damu, homoni, njaa, jinsi dawa inavyovunjwa.

Saa hii haiko sawasawa kwa watu wote. Mwaka 2001 watafiti walieleza habari za ukoo mmoja wa Utah ambao watu wake walilala mapema sana jioni na kuamka kabla ya alfajiri, kizazi baada ya kizazi. Walipochunguzwa, herufi moja ilikuwa imebadilika katika jeni yao ya PER2. Herufi moja. Tuliposoma habari hiyo tuliwakumbuka wazee wetu wa maombi ya saa kumi usiku, ambao wamekuwa wakiwashangaa vijana wasiohudhuria. Hatusemi kwamba kila anayeamka mapema anaongozwa na jeni. Nidhamu ipo, na upendo wa kuomba upo. Lakini inawezekana kabisa kwamba mzee mmoja huamka bila shida kitu ambacho kijana jirani yake hukilipia kwa siku nzima, na sisi tumewapa wote alama kwa kipimo kimoja.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika historia hii, nao ni wa huzuni. Mwaka 1901 madaktari wa misheni Albert Cook na ndugu yake Jack, katika hospitali ya Mengo, Uganda, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika janga lililofuata kuzunguka Ziwa Victoria. Zaidi ya watu laki mbili walikufa katika miaka iliyofuata. Wagonjwa hao walisinzia mchana, wakashindwa kulala usiku, wakapotea polepole. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ubongo unaovimba tu. Mwaka 2018 watafiti, kwa kutumia panya, walionyesha kwamba kimelea cha malale huiharakisha saa yenyewe ya mwili: wanyama walioambukizwa walikuwa macho wakati wa kupumzika, na hata seli zao zikiwa peke yake pamoja na vimelea zilikwenda mbio. Zaidi ya karne moja baada ya Mengo, kazi iliyoanza na chupa za nzi ilisaidia kueleza kwa nini ugonjwa ule uliitwa malale.

Tufike sasa kwenye imani, kwa maana kitabu hiki ni cha imani. Wako ndugu ambao wakisikia haya watasema mara moja: tazameni, saa bila fundi haiwezekani, basi Mungu yupo, tumemaliza. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1802 kasisi wa Kiingereza William Paley aliandika juu ya mtu anayeikuta saa porini na kujua kwamba ina mtengenezaji. Sisi tunaamini mbingu na nchi vina Muumba, na tunaikiri imani hiyo kila Jumapili. Hata hivyo tunaogopa kidogo kumtundika Mungu wetu kwenye protini ya PER. Wale waliodhani PER inakaa kwenye ukuta wa seli wangeweza nao kutoa mahubiri mazuri juu ya ukuta. Wanasayansi wengi waliofanya kazi hii hueleza saa ya mwili kwa njia ya mageuzi ya viumbe, na wako Wakristo miongoni mwetu wanaokubaliana nao na wengine wasiokubali. Mabishano hayo hatutayamaliza hapa. Jambo tunaloliona lina uzito zaidi kwa usharika ni jingine. Kama mwili umepewa saa, je, tunawatendeaje watu ambao kazi zao zinawalazimisha kuishi kinyume nayo?

Maana wapo, na ni wengi. Wauguzi. Walinzi wa getini. Madereva wa mabasi na malori. Waokaji mikate ambao tunaikuta mikate yao imeshaiva tunapoamka. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka kazi za zamu zinazovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likalitazama tena jambo hilo na kuiacha kazi ya usiku katika kundi lilelile. Mwili wa binadamu ukiachwa gizani huenda kwa saa 24 na dakika kumi hivi. Hauwezi kusogezwa saa nane ama kumi kwa usiku mmoja kwa sababu tu ratiba imebandikwa ukutani. Muuguzi aliyetoka zamu asubuhi na kuja moja kwa moja ibada ya pili amekuja wakati seli zake karibu zote ziko katika vurugu.

Muuguzi mmoja wa usharika wetu alituambia kwamba kwa miaka mingi alikaa benchi la nyuma kwa aibu. Aliwahi kunyooshewa kidole kutoka mimbarani, kwa mfano wa Eutiko. Hakujibu kitu. Siku hiyo alikuwa ametoka kuwahudumia wazazi wawili usiku kucha, na mtoto mmoja kati ya wale waliozaliwa sasa yuko katika darasa la kipaimara.

Tarehe 2 Oktoba 2017 Taasisi ya Karolinska ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya mwaka huo katika fiziolojia au tiba imekwenda kwa Hall, Rosbash na Young. Simu kutoka Stockholm ilimfikia Rosbash nyumbani kwake kama saa kumi na moja alfajiri, akiwa usingizini, na magazeti yalifurahia kichekesho hicho: mtu wa saa ya mwili kaamshwa kabla ya saa yake. Hall alikuwa ameshaacha maabara miaka kadhaa kabla, akalalamika hadharani jinsi fedha za utafiti zinavyogawiwa kwa upendeleo, akahamia kijijini katika jimbo la Maine.

Benzer hakuwepo, alifariki mwaka 2007, naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kufanya kazi usiku. Konopka pia hakuwepo. Yule aliyekaa na chupa akisubiri nzi wakosee saa, baada ya ugunduzi wake alipata nafasi ya kufundisha, lakini hakuandika makala upesi kama ilivyotakiwa, akanyimwa ajira ya kudumu, akahamia chuo kingine, huko nako akanyimwa, na mwishowe akaiacha sayansi kabisa. Alifariki Februari 2015. Tuzo ya Nobel haitolewi kwa marehemu. Maelezo ya kamati yanawataja yeye na Benzer kama watu walioipata jeni ya period kwanza, na wataalamu wa saa ya mwili duniani kote bado wanawafuga nzi wake katika chupa, wale wa saa 19, wale wa saa 28, na wale wasio na siku.

Katika usharika wetu limeletwa ombi kwamba funzo la Biblia la Jumatano lifanyike mara mbili, jioni kama kawaida na tena saa tisa alasiri, kwa ajili ya wanaoingia zamu ya usiku. Wazee wawili wanapinga kwa sababu ya gharama ya taa na ya mtunza jengo, ingawa saa tisa alasiri hakuna taa inayohitajika. Muuguzi tuliyemtaja ameandika jina lake kwenye karatasi ya wanaounga mkono, na chini yake walinzi wanne. Mchungaji amesema jambo hilo litasomwa katika kikao kijacho cha baraza.